Konveya gani kwa kiwanda kidogo cha kufungashia?

Kabla hujaulizia bei ya konveya, yaani mashine ya kusogeza mzigo ndani ya kiwanda, pima mzigo wako: uzito, urefu, kitako chake ni kigumu au laini, na unafika mkavu au umelowa. Muuzaji asiyekuuliza hayo anataka kukupa kilichopo stoo.

1. Mkanda bapa wa PVC. Kwa unga, sabuni au viungo naupa nafasi ya kwanza bila kusita. Unabeba katoni, pakiti na viroba, na ukikatika fundi anauunga, mstari unaendelea. Kagua boliti za kukazia: ziwepo pande zote mbili na spana izifikie bila kufungua kava. Mkanda hupenda kwenda upande. Usiporudishwa mapema unasagika ukingoni, nyuzi zinaanza kuning'inia juu ya bidhaa. Kama chakula kinagusa mkanda moja kwa moja, dai ule wa daraja la chakula na uonyeshwe cheti. Na kama unapandisha mzigo ghorofani, mkanda usio na vizuizi huanza kuteleza mwinuko ukikaribia nyuzi 20.

2. Rola za mteremko. Hazina mota wala bili ya umeme. Kupeleka katoni kwenye lori, sioni sababu ya kulipia zaidi. Chini ya katoni lazima ziwepo rola tatu muda wote, kwa hiyo katoni ya sentimita 30 inataka rola kila sentimita 10. Viroba usivipitishe hapa, vinazama katikati ya rola na kukwama.

3. Cheni ya sleti, yaani vibao bapa vilivyoungwa kama mnyororo. Mwenye maji au juisi aipandishe hadi namba moja. Chupa husimama wima, na zikijazana mbele sleti hupita chini yake bila kuziangusha. Hakikisha reli za pembeni zinasogea, ili leo upitishe nusu lita na kesho lita moja na nusu.

4. Mkanda wa vipande vya plastiki. Kipande kikivunjika unachomoa pini na kubadilisha hicho tu. Ni ghali, unafaa panapooshwa kwa maji kila siku, kama kwenye samaki na nyama.

Yoyote utakayochagua, swichi ya dharura ifikiwe na kila anayefanya kazi kando yake, na cheni na gia zifunikwe. Hapo usikubali punguzo. Kisha peleka katoni zako mwenyewe kwa muuzaji, zijae uzito kamili, mashine izungushwe saa nzima kabla hujalipa salio.