Linux Mint Xfce kwenye kompyuta ya mwaka 2011: uzoefu wangu

Kwa muda wa wiki tatu niliamini kwamba programu zinanikataa, kumbe kompyuta yangu ilikuwa ikiishi mwaka 2010. Naandika tathmini hii ya Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta unaotumika badala ya Windows, toleo la Xfce, baada ya kuitumia miezi miwili kwenye mashine kuukuu, na nitaeleza kwa kirefu zaidi yale yaliyonikwamisha kabla ya kuiweka kuliko sifa zake, kwa sababu mwenye kompyuta ya umri huu huenda akakwama palepale nilipokwama mimi.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya kukunja iliyonunuliwa mwaka 2011, yenye prosesa ya Core i3, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 na diski ya GB 320. Nimeirithi kutoka kwa kaka yangu, aliyeitumia katika ofisi moja karibu na bandari ya Kilindini, na kwangu Kisauni imekaa miaka mingi juu ya meza iliyo karibu na dirisha, ikipigwa na upepo wa baharini ambao kila mkazi wa Mombasa anajua unavyoyala makomeo na mabati. Betri yake ya kuchajiwa ilikufa zamani, kwa hivyo haifanyi kazi ila ikiwa imechomekwa ukutani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, na nilichokihitaji hakikuwa kikubwa: programu ya kuandikia mitihani, jedwali la kuhesabia alama za wanafunzi, na kivinjari kinachofungua tovuti za kawaida.

Ilikuwa bado na Windows 7, na kikwazo cha kwanza kilikuwa kwamba karibu kila tovuti niliyotaka kupakua programu ilikataa kufunguka. Kivinjari kilisema mawasiliano si salama. Nilibadilisha kivinjari, nikatumia hotspoti ya simu badala ya intaneti ya jirani, nikanunua bando jingine, na jibu likawa lilelile. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliitazama kwa dakika mbili akaniambia, "Mwalimu, hii imezeeka, nikuuzie nyingine." Fundi wa pili, kijana mwenye kibanda Mwembe Tayari, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, saa ya mashine huwa unaiangalia?"

Sikuwahi kuiangalia. Pembeni mwa skrini, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa tarehe 1 Januari 2010. Alinieleza kwamba tovuti za siku hizi hujithibitisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2010 hukiona cheti kilichotolewa juzi kuwa bado hakijaanza kutumika, hivyo hukataa. Nilikuwa nimewahi kuirekebisha tarehe hiyo siku za nyuma bila kufikiri, lakini kila nilipochomoa waya, au umeme ulipopotea, ilirudi kulekule.

Alifungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo, akanionyesha betri ya duara aina ya CR2032, bapa, inayokaribia ukubwa wa sarafu ya shilingi tano. Tarakimu hizo zina maana: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kuitunza saa na mipangilio ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, mashine inapokuwa haina umeme. Ikiwa nzima hutoa volti 3. Mita ya fundi ilisoma 1.8, na ukingoni mwa betri palikuwa na unga mwembamba wa kijani kibichi ambao aliufuta kwa pamba. Betri mpya ilinigharimu shilingi 100. Niliweka tarehe sahihi, nikazima, nikachomoa waya usiku kucha, na asubuhi saa ilikuwa sawa na ya simu yangu. Tovuti zote zikafunguka. Wiki tatu za bando zilikuwa zimepotea kwa ajili ya kitu cha shilingi mia.

Nilidhani nimemaliza. Nikapakua LibreOffice, programu ya bure ya uandishi na majedwali, nikabofya faili, nikaambiwa kwamba haliendani na toleo langu la Windows. Kosa hili lilikuwa langu: nilichukua faili la biti 64, ilhali Windows iliyokuwamo ilikuwa ya biti 32, ingawa prosesa yenyewe inaweza kuendesha biti 64 bila shida. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kwa mashine za wakati ule zenye RAM ndogo, na hukaguliwa kwa kubofya upande wa kulia juu ya alama ya kompyuta na kufungua sifa zake. Nikachukua faili la biti 32. Likaanza vizuri, kisha programu ilipofunguliwa ikadai kwamba faili liitwalo api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll halipo. Namsihi sana msomaji asilitafute faili hilo lenyewe mtandaoni, kwa sababu tovuti nyingi zinazoligawa huligawa pamoja na virusi. Ni sehemu ya sasisho la Windows lenye nambari KB2999226, na mashine ambayo haikusasishwa kwa miaka mingi hulikosa.

Hapo niliketi nikafikiri upya. Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na kivinjari cha Chrome kiliacha kuihudumia mwaka 2023 baada ya toleo la 109. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 ambacho mashine yangu haina. Ningeweza kuendelea kuziba kila tundu jipya, lakini alama za wanafunzi si kitu cha kuweka ndani ya mfumo usiolindwa. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024 na ambayo itapewa masasisho hadi mwaka 2029, inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 ili ifanye kazi kwa raha, na diski ya GB 20. Kati ya sura zake tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, hii ya mwisho ndiyo nyepesi zaidi. Haiuzwi, hupakuliwa bure.

Faili lake linakaribia GB 3. Nililipakulia kwenye kompyuta ya shule, kisha nikalihakiki kabla ya kuliandika kwenye fleshi, na hatua hii wengi huiruka. Waundaji hutoa alama ya uhakiki ya SHA256 yenye herufi na tarakimu 64. Kompyuta hukokotoa alama ya faili ulilonalo, nawe unalinganisha. Mpwa wangu alinisomea moja moja, nami nikazifuata kwa kalamu kwenye karatasi. "Shangazi, si utazame mwanzo na mwisho tu?" aliuliza alipofika katikati. Tulimaliza zote, na zote zililingana, na nilifurahi baadaye kwamba tulimaliza, maana usakinishaji ulipokwama, hilo liliniondolea mtuhumiwa mmoja.

Nilichomeka fleshi, nikabonyeza F12 wakati wa kuwaka, Mint ikafunguka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi, nikaijaribu kwa saa nzima bila kugusa diski. Nilinakili faili zangu zote pembeni, kisha nikaanzisha usakinishaji. Ulipopita nusu ulikatika kwa ujumbe wa Errno 5, unaoeleza kwamba kuna hitilafu ya kusoma au kuandika, na unaotaja sababu kadhaa zinazowezekana, ikiwamo diski iliyozeeka, kisha unashauri kompyuta ihamishiwe mahali penye ubaridi zaidi. Ilikuwa Februari, kaskazi imetulia, na ndani ya nyumba ya mabati mchana hakuna mahali penye ubaridi. Nilisubiri hadi baada ya sala ya isha, nikasafisha feni iliyokuwa imeziba vumbi lililoshikana kama sufi yenye unyevu, nikaiweka mashine mbele ya pangaboi, nikaanza tena. Ilikatika mapema zaidi kuliko mara ya kwanza. Nikabadilisha fleshi. Ikakatika mahali pengine tena.

Tofauti hiyo ya mahali ndiyo iliyonifumbua macho. Faili au fleshi ikiwa mbovu, kwa kawaida usakinishaji hukwama palepale kila mara, kwa sababu sehemu iliyoharibika haihami. Ukikwama leo hapa na kesho pale, inafaa kushuku joto au RAM. Katika orodha inayotokea fleshi inapoanza kusomwa, kwa mashine za BIOS ya zamani kama yangu, kuna chaguo la kupima kumbukumbu. Nililichagua, na kabla ya dakika kumi skrini ilianza kujaa mistari myekundu ya makosa.

RAM ilikuwa vipande viwili vya GB 1. Nilizima mashine, nikachomoa waya, nikatoa kipande kimoja na kupima kingine peke yake, kisha nikabadilishana. Kimoja kilipita mizunguko miwili mizima bila kosa. Cha pili kilikuwa na meno yaliyofifia, rangi ya dhahabu imefunikwa na utando wa kahawia upande mmoja. Niliyasugua taratibu kwa ufutio wa penseli, mbinu niliyofundishwa na yule kijana wa Mwembe Tayari, na makosa yakapungua lakini hayakwisha. Nilimpelekea kipande chenyewe mkononi, na hivi ndivyo ninavyomshauri kila mtu afanye, kwa sababu aina za RAM za DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti na haziingiliani, na vya kompyuta ya kukunja ni vifupi kuliko vya kompyuta ya mezani. Aliniuzia cha GB 4 kilichotumika kwa shilingi 1,500, akakubali nikipime kwanza pale pale kibandani, nami nikasubiri karibu saa nzima kwenye stuli yake. Hakukuwa na mstari mwekundu hata mmoja.

Usiku huo usakinishaji ulichukua kama nusu saa na haukukatika. Intaneti isiyo na waya haikuonekana mwanzoni, kwa hivyo niliunganisha simu kwa waya wa USB, nikafungua kisimamizi cha draiva (programu zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa), kikaipata draiva iliyokosekana na kuiweka.

LibreOffice huja nayo tayari. Kwangu mimi, mwalimu wa Kiswahili, hili lina uzito wa pekee, maana LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, na OpenOffice ndiyo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice. Niliongeza kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, na ingawa haivitambui vitenzi vingi vyenye viambishi virefu, sasa mitihani yangu haijai tena mistari myekundu chini ya kila neno.

Kwa matumizi ya kila siku, inawaka kwa muda unaonitosha kujimiminia chai, uandishi haukwami, na printa ya shule ilitambuliwa bila kuomba draiva. Kivinjari huwa kizito nikifungua tovuti nyingi kwa pamoja, nami najizuia zisizidi tano au sita. Jedwali la alama tulilorithi shuleni, lenye makro (amri zinazojiendesha) zilizoandikwa kwa ajili ya programu nyingine, halikufanya kazi lote. Ilinibidi niandike upya kanuni za wastani na za nafasi, kazi ya jioni mbili. Anayetegemea programu maalumu ya Windows kwa riziki yake, mathalani ya uhasibu, ahakikishe kwanza kama ina mbadala kabla ya kufuta chochote.

Diski bado ni ile ya mwaka 2011. Kifaa cha kukagua diski kilichomo ndani ya Mint kinasema bado ni nzima, ila kimehesabu sekta chache zilizokwisha kuhamishwa, yaani sehemu mbovu za diski ambazo nafasi yake imechukuliwa na za akiba, na kila Ijumaa naandika idadi hiyo kwenye daftari. Haijabadilika tangu nianze. Siku itakapopanda nitarudi Mwembe Tayari kutafuta diski ya SSD, na hadi hapo alama zote za muhula huu zina nakala kwenye fleshi mbili, moja kabatini mwangu na nyingine ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu.