Mayai ya artemia ya Kariakoo yameniulia vifaranga wa samaki, na muuzaji anacheka

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Imegoma kupoa. Duka silitaji, wenyewe watajijua: liko Kariakoo, ghorofani, lina matangi ya kuvutia kweli, na nyuma ya kaunta kuna kaka anayekujibu huku anachezea simu.

Nina jozi ya enjelfishi, wale samaki wa mapambo wa kwenye tangi. Baada ya Idi wakataga kwenye jani pana, wakawa wanayapepea mayai kwa zamu, na safari hii hawakuyala. Mfugaji wa enjelfishi anajua hiyo ni bahati ya namna gani. Mayai huanguliwa kwa siku mbili na kitu, lakini hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Vifaranga hubaki wamenata kwenye jani siku nne tano hivi, wanatikisa mikia tu, wanaishi kwa kiini walichotoka nacho. Siku wanayoachia jani na kuanza kuogelea, kiini kimeisha. Wanataka chakula hai, kinachochezacheza mbele ya macho yao, na wasipokipata upesi wanakwisha. Unga wa chakula wengi wao hawautazami. Unazama, unaoza, unatoa amonia, na amonia inamalizia wale ambao njaa imewabakisha.

Kwa hiyo nilikwenda mapema kununua mayai ya artemia, vile vijidudu vya maji ya chumvi unavyoangua nyumbani ili kuwalisha vifaranga. Kaka akaingiza mkono chini ya kaunta, akatoa kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo, ndani unga wa kahawia. Lebo hakuna, tarehe hakuna. Nikamuuliza kopo lake liko wapi.

"Dada, ni yale yale. Tunapimapima hivi ili wateja wasilie bei."

Elfu ishirini, na hapo eti hatulii bei.

Jamani, mayai ya artemia yanataka ukavu na ubaridi. Kwa joto na unyevu wa Dar, ukiyaacha kwenye nailoni chini ya kaunta unauza vumbi. Niliyatia kwenye chupa ya maji ya chumvi, kama gramu 25 kwa lita, pampu ya hewa inatokotesha toka chini, taa imewashwa. Kwa nyuzi 27 au 28, baada ya saa 24 ungetakiwa kuona vidoa vya rangi ya chungwa vinakimbilia mwanga. Namulika tochi ya simu ubavuni mwa chupa, hakuna kitu. Nasubiri hadi saa 36, maji yameanza kunuka. Waliotoka walikuwa wa kuokota kwa bomba la sindano, tena kwa uangalifu, maana kifaranga akimeza ganda linaweza kumziba utumbo.

Huku kwenye tangi, vifaranga wameshaachia jani. Kifaranga aliyeshiba artemia tumbo lake linageuka la chungwa, unaliona kwa macho matupu. Wa kwangu matumbo yamebonyea, meupe, vichwa vikubwa kuliko mwili. Asubuhi wengi walikuwa chini, wamelala ubavu.

Nikarudi dukani. Kaka hata kichwa hakuinua.

"Umetumia maji ya bomba, klorini imeyaua."

Nikamwambia maji yalikaa ndooni wazi yakipigwa hewa tangu jana yake, na wazazi wanaishi kwenye maji hayo hayo.

"Basi ni chumvi."

Chumvi nimenunua kwake! Hapo ndipo akacheka, akawageukia wateja wengine: "Dada, hao si ng'ombe. Wazazi si wapo? Watataga tena."

Wakacheka wote. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba anasema kweli. Enjelfishi aliyepoteza watoto anaweza kutaga tena baada ya wiki mbili tatu. Lakini ndiyo uniambie hivyo, na pesa yangu umeshaitia mfukoni?

Haya, haki nayo isemwe. Filta ya sponji niliyonunua hapo hapo ni nzuri mno. Filta za mota humeza vifaranga mchana kweupe. Hii ya sponji inavuta taratibu, na ukiitanguliza kwenye tangi la wazazi kwa mwezi mmoja hivi, inahamia kwa watoto ikiwa na bakteria wake tayari wa kushughulika na amonia. Mimi nilifanya hivyo, na maji hayakunisumbua hata kidogo.

Na kuna kijana anayesafisha matangi pale. Alinifuata ngazini na kikombe cha mtindi kilichotobolewa mfuniko, ndani kuna uji wa shayiri unaotembea: minyoo midogo mno, inapanda ukutani mwa kikombe, unaifuta kwa kidole na kuichovya kwenye tangi. Hakutaka hata senti. Akaniambia nikitaka artemia ninunue kopo lililozibwa kiwandani, nikifungua niweke kwenye friji. Vifaranga wachache waliobaki wako hai kwa ajili ya kikombe kile.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuja na moja. Kijana na filta wamenipandisha hadi tatu. Kile kicheko kimenirudisha kwenye moja na nusu, na ile nusu ni ya kijana, bosi asiiguse.

Elfu ishirini hajarudisha. Ameniandikia WhatsApp, bila hata salamu, nije nichague kitu kingine cha bei hiyo. Nimekwenda, nimechukua filta ya pili.