Uzoefu wangu: mti wa ukoo wa mtandaoni uliompa bibi yangu kaka asiye wake

Bibi yangu mzaa mama alipata kaka mpya miaka zaidi ya 30 baada ya kuzikwa, na aliyemletea ni mimi. Nilikuwa nimeandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba mzee fulani alikuwa "ndugu yake bibi". Mchangiaji mmoja asiyejua Kiswahili akabonyeza kitufe cha kutafsiri, mashine ikamwambia "kaka", naye kwa nia njema kabisa akampachika mzee wa watu chini ya baba na mama wa bibi. Akamkisia na mwaka wa kuzaliwa. Ukweli ni kwamba mzee yule alikuwa mtoto wa mjomba wake bibi. Kwa Kiswahili sikukosea hata neno moja, maana ndugu ni ndugu. Ila kwenye mti wa ukoo neno hilo ni bomu, na nililitega mwenyewe.

Nimetumia huduma hii miaka mitatu. Jina lake naliacha, kwa kuwa kero nyingi nitakazozitaja ni za mtindo mzima wa kazi. Mtindo wenyewe ni wa mti mmoja wa pamoja: kila marehemu awe na ukurasa mmoja tu, na wenye akaunti wauhariri kwa ushirikiano, kama ilivyo Wikipedia. Ukimweka mtu ambaye mwenzako alishamweka, kurasa mbili zinaunganishwa. Huduma ya Geni ilianza 2007 na ya WikiTree 2008, na FamilySearch, ambayo inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho na ni ya bure, nayo ina mti wa namna hiyo. Kwa hiyo ukikosea, hukosei peke yako. Kosa langu la "ndugu" lilidumu wiki mbili kabla sijaliona, na tayari lilikuwa limeshanakiliwa kwenye miti minne ya watu binafsi.

Tuanze na kile ninachokiona kila siku, fomu. Menyu ya Kiswahili ipo, lakini ni nusu nusu. Ukizama hatua tatu ndani unatumbukia kwenye Kiingereza. Hilo nalivumilia. Lisilovumilika ni kisanduku cha jina la ukoo, ambacho hakikubali kuachwa wazi. Mtu anayeitwa kwa jina lake na la baba yake, bin fulani au binti fulani, hana jina la ukoo la kujaza. Nilipojaza jina la baba kwa kila mmoja, mfumo ukaona vizazi vinne vyenye majina manne tofauti ukaanza kuniuliza kama nina uhakika. Watu wa Iceland wanaujua mchezo huu vizuri: mtoto wa kiume wa Jón ni Jónsson, wa kike ni Jónsdóttir, na baba yao ana jina lingine kabisa. Tatizo lina mizizi mirefu. GEDCOM, muundo wa faili ambao programu za nasaba hubadilishana data kwao, ulibuniwa na kanisa lile lile mwaka 1984, na ndani yake jina la ukoo hukaa katikati ya mikwaju miwili, yaani alama hii: /. Asiye na jina la ukoo anabaki na mikwaju mitupu, au anabandikwa la kubuni.

Herufi nazo! Faili moja ya zamani niliyopokea ilifunguka huku kila ł na kila ń imegeuka alama ya kuuliza. Toleo la 7.0 la GEDCOM la mwaka 2021 limelazimisha UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, kwa hiyo faili mpya zisisumbue hivyo, lakini za zamani bado zinazunguka.

Sasa vyanzo, maana hapa ndipo nilipokesha. Mwaka wa pili nilijitolea kusafisha kurasa zinazojirudia. Kuna foleni: mfumo unakuletea kurasa mbili na kukuuliza kama ni mtu mmoja. Siku moja nikaletewa Henryk na Genrik, wazazi wenye majina yanayokaribiana, mji ule ule, mmoja kazaliwa tarehe 3 na mwingine tarehe 15 ya mwezi ule ule. Watu watatu kabla yangu walishajibu "si mtu mmoja" wakapita. Kumbe kuanzia 1868 daftari za usajili katika sehemu ya Poland iliyotawaliwa na Urusi ziliandikwa kwa Kirusi, na Kirusi hakina herufi ya H, kwa hiyo Henryk akaandikwa kwa G. Aliyekuja kumrudisha kwenye herufi za Kilatini akamtoa Genrik. Na zile siku 12? Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma ya ile ya Gregori, tunayoitumia leo, kwa siku 12 katika karne ya 19. Makarani wengi waliandika tarehe zote mbili ubavuni, 3/15. Mchangiaji mmoja alichukua ya kwanza, mwingine ya pili. Nilipofungua picha ya daftari, tarehe zote mbili zilikuwepo, kwa wino ule ule.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kudai picha. Ukurasa ukijitapa kuwa una "vyanzo 7", navifungua vyote saba. Kwenye ukurasa mmoja vitano vilikuwa miti ya watu wengine, na mmoja wao ulikuwa umenakili kutoka kwenye ukurasa huu huu, yaani ukurasa ulikuwa unajitolea ushahidi wenyewe. Cha sita kilikuwa fahirisi: muhtasari uliochapwa na mtu, au siku hizi na mashine, baada ya kusoma daftari. Fahirisi ni nzuri kukuonyesha njia, lakini haina pembeni za ukurasa, wala yale yaliyokatwa kwa mstari na kuandikwa upya. Cha saba ndicho kilikuwa picha, ya wosia wa Kilatini.

Wosia ule ulinifunza mengi. Marehemu anamwachia shamba "nepoti meo". Ukurasa ulisema, bila kusita, kwamba mrithi ni mpwa wake. Tatizo ni kwamba nepos ya Kilatini ni mjukuu, na baadaye ikatumika pia kwa mtoto wa ndugu. Kwenye karatasi za zamani huwezi kujua ni ipi kwa kulitazama neno lenyewe. Aliyetafsiri alichagua moja, akaiweka, na maneno ya asili hakuyanakili popote. Mzee mmoja wa kujitolea anayesoma Kilatini alinisaidia kupekua daftari la ubatizo la parokia ile ile, tukamkuta mrithi, na baba yake ameandikwa wazi kuwa mtoto wa marehemu. Mjukuu, basi. Tawi zima likahamishwa, na watu waliokuwa mabinamu wakawa wajomba na wapwa. Kama yale maneno mawili yangekuwa yamenakiliwa tangu mwanzo, yeyote angeweza kuhoji. Tafsiri peke yake haikuacha pa kuhoji.

Kichekesho kilikuwa cha mwaka 1318. Mtu aliandika mwaka huo kama alivyousoma, na ulikuwa wa Hijria, sawa na 1900 kuingia 1901. Mfumo ukauchukua kuwa wa Gregori ukapiga alama nyekundu: mtoto kamtangulia baba kwa zaidi ya miaka 500. Akatokea msamaria, akaiondoa ile alama kwa kumtenganisha mtoto na baba yake. Alama nyekundu ikazimika, kila mtu akaridhika, na mtoto akabaki yatima wa Zama za Kati.

Kuna mazuri, na si machache. Historia ya mabadiliko inaonyesha nani aligusa nini na lini, na kurudisha hali ya zamani ni kubonyeza mara moja. Kurasa zenye utata zinaweza kufungwa. Na watu: swali la mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ule ambao e na n zinafanana kama pacha, nilijibiwa ndani ya saa chache na mtu ambaye sitamwona maishani. Mti wangu wa kwenye kompyuta usingeweza kunipa hilo.

Ninachokosa ni kisanduku kimoja tu. Kando ya kila chanzo kuwe na nafasi ya maneno ya asili, kwa lugha yake na herufi zake, na nyingine ya tafsiri yenye jina la aliyeitafsiri. Kwa sasa vyote vinasongamana kwenye sehemu ya maelezo, ambayo haisafiri ukihamisha data. Nimewaandikia mara mbili. Nimepata shukrani za mashine mara mbili.

Nyota 3 kati ya 5. Ukiwa na subira na ukisoma picha mwenyewe, jiunge. Ukitaka kubonyeza "kubali" ili mti ufike kwa wafalme, utafika haraka sana, na hao wafalme hawatakuwa wako. Mimi neno "ndugu" siliandiki tena pale. Naandika "mtoto wa kaka wa mama yake", ndefu hivyo hivyo, mashine ikichemka shauri yake.

Katika ile miti minne, mitatu imesharekebishwa. Mwenye wa nne nimemtumia ujumbe kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kireno cha mashine kwa kuwa wasifu wake uko kwa Kireno. Alijibu kwa furaha kubwa, akaniita primo, yaani binamu, akaniuliza huyo kaka wa bibi alioa wapi.