Dawa ya kutia chuma weusi niliyouziwa Ngamiani

Kisu hiki aliniachia marehemu mama. Ni chuma cha zamani, kinakata kweli na kinashika kutu kweli, na kwa hewa hii ya chumvi ya Tanga ukikiacha na maji usiku, asubuhi kimeshakuwa chekundu. Samaki nanunua soko la Deep Sea, napasua kila siku, kwa hiyo ule weusi wake wa asili ulikwisha kitambo. Nikasikia ipo dawa ya kuurudisha.

Dukani nilimwambia kijana waziwazi: "Mwanangu, ni kisu cha samaki." Akanitolea kichupa. "Mama, hii ndiyo yenyewe, paka tu."

Nikakisugua kwa msasa, nikakiosha kwa sabuni ya unga, nikapaka kwa pamba. Haki ya Mungu rangi ilitoka pale pale, buluu nzito inayokaribia weusi, nikamwita jirani aje aone. Kesho yake madoa ya kahawia karibu na mpini. Hapo kosa langu, mafuta hayakutoka vizuri, na dawa hii penye mafuta haishiki. Nikapasulia samaki, wale changu, hivyo hivyo.

Jioni mpwa wangu akasoma nyuma ya kichupa. Kumbe ni dawa ya bunduki na bastola, ya kupaka pale slaidi, kile chuma cha juu cha bastola kinachoteleza, ilipochubuka kwa kuingia na kutoka kwenye ala. Ndani mna asidi ya seleniamu. Sumu! Beseni zima la changu nikalifukia.

Nikarudi dukani. Pesa sikuzitaka, nilitaka neno pole tu. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Kwani hukusoma?" Maandishi ya Kiingereza, madogo kama chawa! Kisha mbele ya wateja: "Hizi dawa za mafundi, siyo za wauza samaki." Mtoto wa kumzaa mimi. Mpaka leo nikilikumbuka nashindwa kumeza.

Rangi ile niliisugua yote. Mzee mmoja fundi akanielekeza: kipanguse siki, kifunge kwenye kitambaa kibichi kipate kutu nyembamba, kisha kichemshe nusu saa kwa maji ya mvua. Ile kutu nyekundu inageuka nyeusi humo humo kwenye sufuria. Unasugua unga unaobaki juu, unarudia. Mimi nilirudia mara tano, nikamalizia na mafuta ya nazi. Weusi umetulia, hauchafui kitambaa.

Dawa yenyewe sasa niseme mbaya? Niliipaka pia bawaba za mlango na hadi leo ni nyeusi vizuri. Kwa bawaba inafaa. Lakini pale dukani msiende. Au nendeni, ila mumuulize yule kijana, mbele ya wateja wake, kilichomo ndani ni nini.

Kichupa bado ninacho, nimekifunga kwenye mfuko juu ya kabati, wajukuu wasikifikie.