Eulophia horsfallii, okidi ya kinamasi: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Mmea wenyewe unastahili zote tano. Moja nimeikata kwa sababu kitalu kilichoniuzia kiliuotesha kwenye magome na vipande vya mkaa, mchanganyiko wa zile okidi zinazoshika mitini. Hii si ya mtini. Kwao ni kinamasini na kandokando ya vijito, na mizizi yake inataka udongo hasa. Ukiuacha kwenye magome, jua la Januari likipiga, ncha za majani zinaanza kukauka na kuwa nyeusi, halafu watu wanadhani ni ugonjwa na kukimbilia dawa ya ukungu.

Huku Kiambu udongo wetu mwekundu unapitisha maji upesi, kwa hiyo unyevu lazima uutengeneze. Chimba shimo la mita 1 kwa 1, kina sentimita 60. Tandika nailoni nene nyeusi, ile ya bwawa, kisha itoboe ubavuni, sentimita 25 kutoka juu, matundu ya kuingia kidole, yapishane kama shubiri moja. Chini usitoboe. Maji yatatuama chini, mizizi iyafuate yenyewe, na mvua za Aprili zikizidi yatokee ubavuni kabla hayajafika shingoni. Shimo hilo linameza kama madebe 30: udongo wa shambani 15, mboji iliyooza kabisa 10, mchanga wa mto 5. Samadi mbichi iache kando, inaunguza mizizi. Jaza, mwagilia, ngoja wiki mbili udongo ushuke, ndipo upande.

Kwenye kupanda ndipo mimea mingi inapoharibika. Viazi vyake, yaani mashina yaliyovimba, vikae chini ya udongo, lakini pale chipukizi linapotokea pawe sawasawa na uso wa ardhi. Ukilifukia, maji yanatuama katikati ya majani machanga, nalo linaoza: unalivuta kidogo tu linang'oka mkononi, laini, lina harufu mbaya. Tena angalia upande. Mmea huu unatembea kuelekea mbele, kila kiazi kipya kikizaliwa pembeni ya kilichotangulia, kwa hiyo chipukizi lielekezwe kwenye nafasi tupu na kiazi kikongwe ndicho kikae karibu na ukingo.

Jua la asubuhi, kivuli mchana. Mimi natumia maji ya mvua, kwa kuwa maji ya visima vingi vya pande za Nairobi yana chumvi nyingi, na kwenye shimo lenye nailoni chumvi haina pa kwenda. Mmea huu ni mlafi kuliko okidi nyingi: mboji karai moja kila mwanzo wa mvua, na mbolea ya NPK kijiko kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji mara moja kwa mwezi, majani mapya yakiwa yanakua. Majani ni mapana, yenye mikunjo kama ya mche wa mnazi, na yanapita mita 1. Usiupande karibu na njia.

Shina la maua halitoki katikati ya majani bali ubavuni mwa kiazi. Ukiwa unapalilia kwa jembe utalikata bila kujua, heri mkono. Linaweza kupita mita 2, basi weka mti wa kuliegemeza likiwa bado fupi. Maua ya waridi na zambarau hufunguka machache machache kutoka chini kwenda juu, ndiyo maana yanadumu. Vidukari hujaa kwenye machipukizi ya juu. Maji ya sabuni jioni yanatosha. Konokono hula chipukizi changa usiku, hao waokote kwa tochi.

Ukienda kununua, chagua shada lenye viazi vitatu au zaidi na chipukizi moja hai. Kiazi kimoja kinaweza kukaa muda mrefu bila kuchanua. Ukiona mizizi imekatwa fupi, majani yamepunguzwa kwa panga na tope limegandia, huo umeng'olewa porini, uache. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, hata shada la mmea la zawadi haulivushi mpakani bila kibali. Mbegu usihangaike nazo: ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na bila ukungu wake maalumu hazioti shambani. Gawanya shada viazi vikishakuwa sita, kwa kisu kilicholowekwa kwenye jiki ya kufulia ili kuua vijidudu, na kila upande ubaki na vitatu.