TAHADHARI: Taksi chakavu zinauzwa Kampala kama kempa za Japani

Ndugu zangu mnaotafuta kempa, yaani magari ya kulala na kupikia safarini, hasa nyinyi mnaokodisha magari kwa watalii: kuna dalali anayezunguka kati ya Nakawa na Bweyogerere akiuza Toyota HiAce zenye kitanda, jiko na friji ndani, na anadai zimeshuka hivyo hivyo kutoka Japani. Hazikushuka hivyo. Lile nililolifungua kwenye gereji yangu lilikuwa taksi ya abiria 14 iliyopigishwa kazi mpaka ikachoka, kisha ikapakwa rangi na kupigiliwa mbao. Jina la mtu huyo silitaji, maana kila mteja humtajia jina tofauti, na suala lenyewe liko polisi. Nitaeleza gari lilivyo, nanyi mkikutana na ndugu zake mtawatambua.

Liliingia gereji kwa ajili ya friji tu. Mwenyewe ni mama mmoja wa Entebbe mwenye biashara ya kukodisha magari. Alikuwa amelipa milioni 68, na friji ilikuwa inazima usiku wa manane kila mara gari lilipolala bila kuwashwa. Dalali alimwambia, "Mama, hili mzee wa Kijapani alikuwa analala ndani wikendi tu, hata kiti cha nyuma hakijakaliwa." Hapo hakusema uongo sana. Kiti cha nyuma hakikuwepo.

Nilipotoa droo za chini ya kitanda ili nifuate nyaya, nikakuta sakafu ni plaiwudi mpya iliyogundishwa juu ya bati. Tuliinua pembe moja. Chini yake kulikuwa na matundu ya boliti, yamejazwa fila (lipu ya kuzibia bati) na kupakwa rangi nyeusi, yamejipanga safu kwa safu kutoka nyuma ya dereva hadi mlango wa nyuma. Fundi yeyote aliyewahi kufunga viti vya taksi anaujua mpangilio ule hata akiwa amefumba macho. Safu hazikuwa zile ambazo kiwanda kiliziweka, kwa sababu wenye taksi huongeza viti na kutoboa matundu yao. Bati lenyewe lilikuwa limeliwa na kutu karibu na ngazi ya mlango wa kuteleza, pale abiria wa miaka mingi walipokanyaga na viatu vyenye matope. Tukaufungua huo mlango wa kuteleza mpaka mwisho. Ukingoni, mahali ambapo mpulizaji rangi hakufika, vilikuwepo viboksi vya bluu juu ya rangi nyeupe. Kila aliyewahi kusimama Old Taxi Park anajua viboksi hivyo ni alama ya taksi.

Kwa hiyo kabla ya kutazama mapazia na taa za kupendeza, omba kuinua godoro na kutoa droo. Muuzaji anayesema "imegundishwa, itaharibika" amekwisha kukujibu. Chukua sumaku ndogo ya mlango wa friji uipitishe kwenye ubavu wa gari na juu ya magurudumu. Ikikataa kushika, chini ya rangi kuna fila nene. Fanya hivi mchana. Dalali huyu huwaita wateja jioni, baada ya saa kumi na mbili, ati foleni ya Jinja Road ndiyo inayomchelewesha.

Kuna jambo moja la umeme ambalo lingemwokoa mama yule kwa dakika moja, na sijaona mtu akiliandika. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Kempa iliyojengwa kule na kuletwa ilivyo huwa na soketi bapa za pini mbili, na chaja yake ya kuchomeka nje ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye volti 240 za hapa bila transfoma, inaungua. Sasa ukiambiwa "kila kitu ndani ni cha Kijapani", halafu ukaona ukutani soketi zetu hizi za pini tatu za mraba, jua kazi imefanyika hapa hapa. Kufanyiwa kazi hapa si kosa. Wapo mafundi Kampala wanaojenga kempa safi kabisa. Kosa ni kudanganya, na anayedanganya kuhusu soketi atadanganya pia kuhusu injini.

Friji yenyewe ilikuwa ya dukani ya volti 240, imechomekwa kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya bei ya chini, na inveta imeunganishwa na betri ile ile inayowasha gari. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Ukiinyonya usiku kucha inakufa, tena haraka. Kempa inahitaji betri ya pili, ya aina ile inayotumika kwenye sola, na kifaa cha kuitenga na ya kwanza injini ikizimwa. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikishuka chini ya 12 ujue umeimaliza. Ya mama ilisoma 11.4. Waya wa kwenda kwenye inveta ulikuwa wa taa za nyumbani, na haukuwa na fyuzi popote. Waya wa namna hiyo ukisuguliwa na bati ukachubuka, linaloungua ni gari zima, na watu wako wamelala ndani.

Jiko ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtungi wa gesi ulikuwa kabatini, chini ya kitanda, na kabati halina tundu hata moja la kutolea hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ukainusa mapema. Inatambaa sakafuni na kukusanyika mahali pa chini, yaani pale pale ulipolala. Kabati la mtungi lazima lizibwe upande wa ndani na liwe na tundu sakafuni linalotoka nje ya gari. Mpira wa gesi utazame kama umepasuka, na viungio vipake povu la sabuni uone kama linatoa mapovu. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji, tafadhali, hata kama fundi fulani anafanya hivyo kila siku.

Kwenye karatasi dalali alikuwa amejiamini mno. Alisema gari ni la 2015 na liliingia nchini mwaka jana. Namba yake ya usajili ni ya mfululizo wa zamani wa UAA hadi UAZ, ambao ulikwisha miaka kadhaa iliyopita kabla ya UBA kuanza, hivyo halikusajiliwa mwaka jana. Namba ya chesisi nilipoitafuta kwenye orodha ya vipuri ikatoa 2005, mwaka mmoja tu baada ya umbo hilo la HiAce kutoka. Na tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Gari la 2005 haliwezi kuwa "limeshuka Mombasa juzi" hata kidogo. Mwambie muuzaji akuonyeshe cheti cha kuuza nje cha Japani: kina namba ya chesisi, mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na kwa kawaida kilomita zilizosomwa. Kempa za kweli za Japani mara nyingi husajiliwa kule kama gari la matumizi maalumu, nalo huonekana kwenye cheti. Usikubali nakala pekee. Nakala nzuri zinachapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, ukisubiri kwa chai. Fanya upekuzi wa usajili wewe mwenyewe kabla ya kutoa shilingi, na jina lililo kwenye logibuku (kadi ya umiliki wa gari) liwe la mtu anayesimama mbele yako na kitambulisho chake.

Kama umeshanunua, iwe kwake au kwa mwingine, gari lijue kabla hujalipeleka hifadhi ya Kidepo. Anza na maji. Mwagia paa kwa mpira kwa muda wa kutosha, kisha ingia ndani ukabonyeze mbao kwenye pembe za madirisha na chini ya kipoza hewa cha paani. Palipo laini kama mkate uliolowa, mbao zimeshaoza kwa ndani, na silikoni ya kupaka juu inaficha tu. Tangi la maji lisafishe kwa maji ya klorini, lioshe, kisha ndipo unywe.

Matairi yana tarakimu nne ubavuni baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. HiAce za Japani nyingi hutoka na 195/80R15 zenye kiwango cha mzigo 107, yaani kilo 975 kwa tairi. Huyu dalali alikuwa amevisha matairi ya gari dogo kwa sababu yanang'aa na ni nafuu. Ongeza kitanda cha mbao, tangi la lita 80 ambalo likijaa ni kilo 80, mtungi, watu na mizigo yao, kisha shuka mteremko wa Kabale. Lipitishe gari kwenye mizani likiwa limejaa vitu vyako vyote.

Injini za dizeli za HiAce ambazo namba ya chesisi huanza na KDH hutumia mkanda wa taimingi. Kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha leo, kwani ukikatika valvu zinagonga pistoni. Za petroli za TRH zina mnyororo. Oili na vichujio vya hewa badilisha mapema kuliko kitabu kisemavyo, vumbi la barabara zetu halikuwepo kwa waliokiandika.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu anajitembeza sana. Mtindo wake ni kuomba "pesa ya kushikilia" kwa simu kabla hujaona gari, akisema kuna Mkenya anakuja kulichukua kesho asubuhi. Ukichelewa, anapunguza milioni mbili papo hapo. Mama alipompigia kuhusu sakafu, laini ilizimwa siku hiyo hiyo.

Wiki hii nimeona tangazo lingine lenye picha zilizopigwa kwenye ua ule ule wenye ukuta wa matofali na lango la kijani: HiAce ya kijivu, pazia za zambarau, "2016, fresh from Japan", milioni 74. Ukimpigia, mwombe kwanza picha ya sakafu chini ya kitanda na ya ukingo wa mlango wa kuteleza. Na kama ulishalipa pesa ya kushikilia, tunza ujumbe wa malipo na namba zote, uende nazo polisi; mpelelezi alimwambia mama kwamba wakijitokeza walalamikaji wengine kesi itakuwa na uzito.