Riwaya tatu nilizosoma kwenye pantoni

Kioo cha simu kilipasuka mwezi wa tatu, fundi akanitajia bei, nikamuaga kwa adabu. Ndiyo sababu nimerudi kusoma riwaya. Naishi Kigamboni, kazi iko Posta, na ukijumlisha foleni ya pantoni asubuhi na jioni unapata saa nzima ya kutazama visogo vya watu. Tangu hapo nimemaliza tatu.

Nilianza na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Niliisoma kidato cha sita, yaani niliisoma kwa kalamu: dhamira, wahusika, tamathali za usemi, matumizi ya lugha. Nilipata alama nzuri na sikukumbuka chochote. Safari hii Yasmin alinikamata kurasa za mwanzo tu. Binti wa Kihindi wa miaka 15, Unguja enzi za Mwingereza, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye duka, mzee wa miaka 52. Shuleni tuliandika "ndoa za kulazimishwa", tukapiga mstari chini, basi. Kumbe kinachouma si ndoa yenyewe, ni jinsi yule mzee asivyokuwa mkatili. Anampenda kwa namna yake, anajitahidi kumfurahisha, na kila akijitahidi binti anazidi kumchoka. Nilijikuta namhurumia Raza, jambo ambalo mwalimu wangu asingelipa hata nusu maki.

Halafu kuna Mwajuma. Jamani, Mwajuma! Yasmin akishakimbia ndoa na ndugu zake kumgeuzia mgongo, ni huyu Mswahili asiye na kitu anayempokea, na taarab, na maneno yake. Kila anapoingia kitabu kinachangamka. Denge, mwanaharakati aliyesoma Urusi, ndiye anayepewa sifa na wahakiki, lakini mimi akianza siasa nilikuwa nachungulia mbele kuona ukurasa unaishia wapi. Mdogo wangu, ambaye alianzia kwenye ile filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, anasema sina akili, bila Denge hakuna hadithi. Tumebishana mpaka ugali ukapoa.

Ya pili ni Peponi, ile ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Nobel 2021, na Kiswahili chake kikatoka mwaka uliofuata. Mzanzibari kusomwa nyumbani kwa tafsiri, tena baada ya miaka 28! Lakini nilipoanza nilisahau hasira hiyo. Yusuf ana miaka 12. Ami Aziz akija kuwatembelea, kwake ni furaha, maana akiondoka humwachia sarafu. Siku moja wanaondoka wote kwa treni, mtoto anadhani ni matembezi. Kule dukani kwa Aziz kijana mwenzake, Khalil, ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako. Baba yako anadaiwa, wewe ni rehani. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatazama maji.

Sehemu ya msafara wa kwenda bara ndiyo niliyoipenda zaidi: mnyapara Mohammed Abdalla na mabavu yake, wapagazi, homa, kuvuka ziwa, hadi kwa Chatu anayewapora mali yote. Ila Yusuf mwenyewe alinichosha kidogo. Mzuri, kila mtu anamtaka, na yeye kimya. Nilitamani apige kelele hata mara moja. Nikafika mwisho, akatimka mbio kuwafuata askari wa Mjerumani, nikaona kwamba labda hiyo ndiyo kelele yenyewe. Sijaamua.

Rosa Mistika ya Kezilahabi niliinunua kwa mmoja wa wanaopanga vitabu chini njiani. Ilikuwa kopi ya fotokopi: wino hafifu, na karatasi kadhaa zimebanwa kichwa chini miguu juu, ikabidi niwe nageuza kitabu kama usukani huku jirani yangu akinitazama. Elfu saba zangu zilikwenda hivyo. Hadithi yenyewe inasomeka haraka, Kezilahabi hapotezi maneno. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anamchunga bintiye kwa kipigo, barua moja tu ya mvulana inamtia wazimu, na Rosa akifika mbali na macho ya baba anafungulia kila kitu kwa pamoja. Ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, na nadhani waliokataza waliogopa mambo ya kitandani wakaruka yale ya baba. Lakini nina ugomvi na mwandishi. Yasmin anaanguka, anainuka, anacheka. Rosa anapewa shimo moja baada ya jingine, mpaka anajiua kwa sababu mchumba amegundua si bikira. Nilihisi Kezilahabi alikuwa amekwisha kata hukumu kabla binti hajatoka kijijini kwao Namagondo.

Kwa hiyo ukinilazimisha kupanga: Vuta N'kuvute kwanza, Peponi pili kwa karibu sana, Rosa Mistika tatu, na ununue nakala halali.

Simu imeshatengenezwa, lakini mkobani nina Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ameshawasha kiko chake, maiti imeshapatikana, na juzi nilikuwa abiria wa mwisho kushuka, yule kijana wa pantoni akinigongea kiti: "Dada, tumefika, au unarudi Kigamboni?"